Mipaka ilifungwa, watoto 17 wakabaki bwenini kwangu. Mzazi unayempeleka mwanao kusoma nje, soma hapa kabla ya kulipa ada

Matroni_Kagera (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka msimu huu ukifika naona humu nyuzi za wazazi wanaotafuta shule za bweni nje ya nchi: Uganda, Kenya, na wenye uwezo Uingereza. Wanauliza ufaulu, ada, chakula, nidhamu. Sijawahi kuona mzazi anauliza hivi: gonjwa likizuka na mpaka ukafungwa, mwanangu atabaki na nani?

Mimi ni mwenyeji wa Kagera. Kwa miaka sita nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kwenye sekondari moja kusini magharibi mwa Uganda. Jina la shule naliacha, maana naamini yaliyotokea pale yangeweza kutokea kwenye shule nyingi tu.

Jumatano ya 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza shule zote zifungwe ifikapo Ijumaa tarehe 20, kwa muda wa mwezi mmoja. Wakati huo Uganda haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa korona aliyethibitishwa. Wa kwanza alithibitishwa Jumamosi tarehe 21. Ijumaa mchana mabasi yakajaa uwanjani, matranka yakapangwa juu, watoto wakaondoka wanaimba. Jioni ile ofisi ikaandika kwamba wanafunzi wote wamekwenda makwao. Mimi nikapita bwenini kuzima taa, nikakuta vitanda vina watu.

Tulikuwa na watoto wa kigeni 23. Sita wazazi wao waliwahi. Waliobaki ni 17: Watanzania saba, Warundi watano, Wakongo watatu na wawili wa Juba. Mdogo wao alikuwa na miaka 12, na alikuwa na wiki sita tu tangu afike.

Sasa naomba msome taratibu, kwa sababu sikuona mtoto aliyebaki kwa ajili ya ugonjwa. Pasipoti za watoto wanane zilikuwa kwenye sefu ya bursa, yaani mhasibu wa shule. Bursa alishaondoka na ufunguo wake, na nyumbani kwake ni mbali. Wawili pasipoti zao zilikuwa zimekwisha muda, na hakuna aliyejua mpaka siku ile. Wanne fomu zao zilionyesha wana mlezi Kampala; tulipopiga, tukagundua "mlezi" huyo ni yule wakala aliyewaleta shuleni na kuchukua kamisheni yake, na simu yake imezimwa. Waliobaki, wazazi wenyewe walisema mwezi mmoja si mrefu, mtoto akae huko huko asipoteze nauli.

Jumapili usiku abiria wakazuiwa Entebbe na kwenye mipaka ya nchi kavu, yakabaki kupita malori ya mizigo. Rwanda ilikuwa imeshafunga mipaka yake, kwa hiyo Warundi wetu, ambao siku zote hupitia Kigali, njia yao ikakatika. Tarehe 25 usafiri wa umma ukapigwa marufuku. Tarehe 30 hata magari binafsi, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Ndani ya siku 12 nchi nzima ilikuwa imesimama, na mimi nina watoto 17, mpishi mmoja, mlinzi mmoja, na patroni wa wavulana aliyekubali kubaki. Nesi wa shule alikuwa amekwenda kwao Ijumaa ile ile. Simlaumu, naye ana watoto.

Nianze na tulichokosea. Tulihangaika na Jik. Kila asubuhi tunapiga deki sakafu, tunafuta vitasa, tunafuta matranka, vibuyu chirizi tumevitundika kila mlango. Kunawa mikono ni kuzuri, sikukatazi. Lakini usiku, kwa sababu ya baridi na mbu, tulifunga madirisha yote na watoto wote tukawaweka chumba kimoja ili tuwaone vizuri. Baadaye ndipo tukaja kuelewa kwamba ugonjwa ule ulikuwa unasafiri zaidi kwa hewa ya chumba kilichofungwa. Tulikuwa na mabweni manne matupu! Tungeweza kumpa kila mtoto nafasi ya vitanda vitatu. Mungu alitunusuru, hakuna aliyeugua korona pale, ila nasema wazi kwamba hatukunusurika kwa akili yetu.

Usiku ambao sitausahau ni wa katikati ya Aprili. Binti mmoja wa Bujumbura alipandisha homa, anatetemeka, anakohoa kidogo. Saa tano usiku. Bodaboda haziruhusiwi kubeba abiria, gari haliruhusiwi kutembea bila kibali cha mkuu wa wilaya, ambaye kule wanamwita RDC. Nikampigia mwenyekiti wa kijiji, yeye akawapigia wengine, kibali cha mdomo kikapatikana saa tisa. Kituo cha afya wakampima: malaria kali. Daktari akataka kumhamishia hospitali kubwa na akauliza, nani anatoa ridhaa? Mama yake yuko Burundi, simu haishiki. Fomu ya shule haikuwa na mahali pa ridhaa ya matibabu. Nilisaini mimi. Nilisaini kama mzazi, na mkono wangu unatetemeka kuliko wa mtoto.

Alipona. Lakini jiulize, asingepona, karatasi ile yenye saini ya matroni ingesemaje kwa mama yake?

Jambo lingine ambalo hakuna mwongozo uliotuambia ni maneno. Aprili na Mei wagonjwa wengi waliotangazwa Uganda walikuwa madereva wa malori waliopimwa mipakani, ukiwemo Mutukula ambao ni mpaka wa Uganda na Tanzania, na Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu baada ya tarehe 29 Aprili. Redio ikitaja Mutukula, watu wa kijiji wakawa wanawaangalia Watanzania wangu kwa jicho lingine. Hata mpishi akaanza kuwapakulia sahani zao kando. Mtoto mmoja aliacha kabisa kuongea Kiswahili nje ya bweni. Nilimweka mpishi chini tukazungumza. Alikuwa na hofu tu, si ubaya. Siku iliyofuata nikaanza kula nao sahani moja, na yeye akiona.

Na simu. Shule ile, kama nyingi za kule, simu ni marufuku kwa mwanafunzi. Wiki mbili za kwanza tulishikilia sheria, eti nidhamu. Usiku nasikia vilio vinapokezana kitanda kwa kitanda. Nikavunja sheria: kila jioni watoto wanne wanapiga kwa simu yangu, kwa zamu, dakika kumi kumi. Wazazi wananitumia vocha. Usingizi ukarudi. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, Waislamu wetu sita walifuturu wakisikiliza adhana ya kwao kupitia simu ile.

Watanzania waliondoka Juni kwa kibali, basi dogo moja mpaka Mutukula, wazazi wanasubiri upande wa pili. Warundi ilikuwa Agosti. Yule wa miaka 12 alikuwa amerefuka, sare haimtoshi.

Ndiyo maana nasema: usalama wa mtoto wa bweni aliye nchi ya watu unaanza kwenye makaratasi, ufunguo na simu, miezi kabla ya ugonjwa. Ulizeni shule: pasipoti inakaa wapi, na nani mwingine ana ufunguo? Mlezi aliyeandikwa ni mtu mwenye nyumba na kitanda cha ziada, au ni wakala? Shule ikiamriwa kufungwa ndani ya saa 48, mtoto asiye na pa kwenda analala wapi, na nani analipwa kubaki naye? Mkuu wa shule akikujibu "hilo likitokea tutaona", ujue ndilo jibu tulilokuwa nalo sisi.

---

MzaziBukobaMjini

Matroni, pole sana na Mungu akulipe. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa nimesimama dukani.

Binti yangu anaanza S1 (kidato cha kwanza cha kule) huko huko, Februari. Swali langu ni la pesa. Ile miezi mliyokaa na watoto, nani alilipa chakula? Na kadi ya bima ya afya ya NHIF ingewasaidia hospitalini?

---

Matroni_Kagera

Kaka, NHIF ukivuka Mutukula ni kadi ya kawaida tu, haikusaidii. Hospitali tulilipa taslimu, nikachanga mimi na patroni, mzazi akaturudishia baadaye. Chakula, shule ilitoa akiba ya stoo: posho (unga wa ugali), maharage, na matoke ya shamba la shule. Ilipofika Mei akiba ikapungua, wazazi wakaanza kutuma kwa simu. Kutuma kutoka mtandao wa Tanzania kwenda wa Uganda inawezekana, lakini wengine walikuwa hawajawahi na ilichukua siku kadhaa kuelewa. Jaribu kutuma elfu kumi sasa hivi, kabla hujawa na haja.

Na kubaliana na shule kwa maandishi: siku za dharura chakula ni kiasi gani kwa wiki. Kuna mzazi alitozwa ada ya muhula mzima wakati mwalimu hata mmoja hayupo. Tuligombana na ofisi hadi ikashuka.

---

NesiKilimanjaro

Asante dada kwa uzi. Mimi ni muuguzi, nimewahi kuhudumia zahanati ya shule ya bweni yenye watoto wa mataifa mbalimbali. Naongeza mawili na napingana na moja.

Kwanza, shule nyingi zina chumba kimoja cha wagonjwa na zinaamini hicho kinatosha. Hakitoshi. Mtoto mwenye dalili anatengwa peke yake. Mtoto aliyekaa karibu naye lakini hana dalili anakaa karantini, chumba kingine kabisa. Ukiwaweka pamoja umewaambukiza wazima kwa mkono wako. Kila kimoja kiwe na choo chake na dirisha linalofunguka. Wasio na dalili, vitanda viachane angalau mita moja, na kwenye dabodeka wa juu alaze kichwa upande huu, wa chini upande ule. Kwa mbu kuna chandarua, usifunge dirisha.

Pili, faili la afya. Mtoto wa kigeni aje na kadi ya chanjo, homa ya manjano ikiwemo, orodha ya dawa anazotumia, na kama ana pumu, sikoseli au kisukari, dawa za akiba za miezi miwili. Mwenye sikoseli aliyekwama bila dawa na bila usafiri yuko hatarini kuliko mwenye korona.

Ninapopingana nawe ni kuwahi kumchukua mtoto. Si kila gonjwa ni la kukimbilia nyumbani. Uganda ilipotangaza Ebola tarehe 20 Septemba 2022, maambukizi yalifika mpaka kwa wanafunzi, na serikali ikafunga shule mapema tarehe 25 Novemba. Kwa Ebola na ndugu yake Marburg, mtu aliyegusana na mgonjwa anafuatiliwa siku 21. Mzazi akija usiku kumtorosha mtoto aliye kwenye orodha ya kufuatiliwa, akampandisha basi la kwenda mikoani, amebeba hatari kwa abiria wote na kwa bibi yake anayemsubiri. Sisi wa nchi hii Marburg tumeiona Kagera, ilitangazwa Machi 2023. Tusijifanye ni mambo ya jirani.

---

Matroni_Kagera

Nesi, napokea. Umesema kweli na mimi nilikuwa nafikiria korona tu. Basi niseme hivi: mzazi awe na *uwezo* wa kumchukua, pasipoti na mlezi viwe tayari, halafu uamuzi wa kumchukua usikilize watu wa afya. Mtoto anayefuatiliwa akae palipo na mtu wa kumpima joto asubuhi na jioni.

---

Mzee wa Kazi

Samahani wakuu, mimi naona tatizo tunalitengeneza wenyewe. Kwetu shule zilifungwa 17 Machi 2020, watoto wakapanda basi wakarudi nyumbani. Tarehe 29 Juni wote wamerudi darasani. Uganda walikaa mpaka 10 Januari 2022 ndipo shule zikafunguliwa kikamilifu. Wapelekeni watoto shule za hapa, hamtakuwa na wasiwasi wa mpaka.

---

Matroni_Kagera

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ina uzito na kuna wazazi walioamua hivyo baada ya yaliyotokea. Lakini hata hapa kwetu kuna watoto wa wenzetu. Arusha na Moshi kuna shule za kimataifa zenye watoto kutoka nchi nyingi, na Kigoma na Kagera kuna Warundi na Wakongo kwenye mabweni yetu. Tarehe 17 Machi walipanda basi gani? Mwalimu anayesoma uzi huu akiwa Kasulu au Ngara, swali ni lake pia.

---

MamaWawili_Reading

Habari zenu kutoka Uingereza. Mimi naishi huku na nilikuwa mlezi wa mtoto wa dada yangu aliyekuwa anasoma shule ya bweni. Wazazi wake wako Dar.

Huku shule nyingi za bweni hazimpokei mtoto wa nje asiye na mlezi aliye ndani ya Uingereza, na kuna jumuiya inaitwa AEGIS inayokagua kampuni za ulezi. Nilidhani ni urasimu. Korona ilinionyesha maana yake. Katikati ya muhula kuna likizo fupi na bweni linafungwa kabisa, mtoto lazima aende kwa mlezi. Sasa mlezi wa rafiki yake alikuwa bibi wa miaka 74 mwenye presha, akaogopa kupokea mtoto kutoka bweni lenye wagonjwa. Haki yake! Watoto wawili wakaja kwangu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kwa hiyo mlezi mmoja hatoshi, andikeni na wa akiba, na muulizeni kila mwaka kama afya yake bado inaruhusu.

Halafu likaja lile la orodha nyekundu, yaani nchi ambazo Uingereza ilizibana wasafiri wake. Tanzania iliingizwa Januari 2021 na haikutolewa mpaka Oktoba. Kuanzia 15 Februari anayetoka nchi za orodha ile alilazimika kukaa hotelini siku 10 kwa gharama yake, pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Dada yangu alilia kwenye simu, anajua hana pesa hiyo. Baadaye tukagundua kwamba mwanafunzi wa bweni aliye chini ya miaka 18 anayesafiri peke yake aliruhusiwa kufanyia karantini shuleni kwake. Lakini shule lazima iwe imekubali na imetenga nafasi. Shule ya mtoto wetu ilikubali: chumba chake, choo chake, chakula mlangoni, vipimo siku ya pili na ya nane, na mwalimu wa bweni anazungumza naye kupitia dirisha kila jioni. Mtoto alisema siku ya sita ndiyo ilikuwa ngumu. Tulikuwa tunampigia video, dada Dar anapika, mtoto anaangalia tu sufuria.

---

Bukavu_na_Kampala

Mama matroni, mimi niko wa Bukavu. Nilikuwa bweni huko Uganda mwaka ule, shule ingine siyo ya kwako. Nilikuwa na miaka 14.

Nataka niseme kitu ya lugha. Nilikuwa nimefika juzi tu, Kifaransa na Kiswahili ndiyo nilijua. Matangazo yote yalikuwa Kiingereza na Luganda. Mwalimu anasema maneno mengi, wenzangu wanafunga mizigo, mimi sielewi kama ni likizo ao ni vita. Kwetu watu wakifunga mizigo haraka hivyo ni vita. Nilijificha chooni saa mbili. Mpishi mmoja aliyejua Kiswahili ndiye alinitoa, akanieleza polepole. Kila shule yenye batoto ba kigeni iweke mtu mmoja wa kuwaeleza kwa lugha yao, siku ile ile.

---

Matroni_Kagera

Mwanangu wa Bukavu, umenifanya niweke simu chini kidogo. Sisi tuliwakusanya wote 17 tukawaambia kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa na Kiswahili mdomoni! Wale wawili wa Juba walikuwa wanazungumza Kiarabu, hakuna aliyewatafsiria mpaka wiki ya pili. Asante kwa kusema.

---

MzaziBukobaMjini

Dada matroni, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nina wiki chache tu. Nianzie wapi?

---

Matroni_Kagera

Anza na pasipoti. Itazame leo usiku, kama inaisha ndani ya mwaka mmoja nenda Uhamiaji wiki hii. Piga nakala mbili, moja kwako, moja ashone mama yake kwenye mfuko wa ndani wa begi.

Kisha andika barua ya ridhaa ya matibabu, imtaje matroni kwa cheo na mlezi kwa jina, uigonge muhuri wa wakili, iwe ya Kiingereza kwa sababu ya hospitali za kule.

Mlezi nenda ukamwone kwake, ulale hata usiku mmoja. Masaka na Kampala kuna Wahaya wengi, uliza kanisani au msikitini kwenu, humkosi mtu. Na siku ukimpeleka binti, usiishie ofisini. Mwombe mkuu wa shule akukutanishe na matroni, umwachie namba zako mbili, umwambie binti yako anaogopa nini usiku. Mimi katika miaka sita nilikutana na wazazi wanne tu waliofanya hivyo. Watoto wao nilijua wanalalia ubavu gani.

Namba ya mtu wa Uhamiaji nimekutumia PM.